Maji ya Ghorofa ya Nne

Asubuhi ile mlinzi Bong alitangaza tena. Kila nyumba katika jengo lile ina kipaza sauti kidogo ukutani, juu ya mlango wa jikoni, na hakuna kitufe cha kukizima. Alikohoa kwanza, kama ilivyo kawaida yake. Kisha akasema kwamba baridi imezidi, kwamba bomba la maji ya kufulia limeganda, na kwamba wakazi wote wanaombwa kwa heshima wasiwashe mashine zao, kwa sababu maji hayaendi popote. Akakohoa tena, akazima.

Bi Tak Malsun alimsikiliza akiwa amechuchumaa kwenye roshani yake ya nyuma, katika nyumba ya chini kabisa, akichota maji ya kufulia ya watu wengine kwa kizoleo na kuyamimina kwenye ndoo.

Mashine ya kufulia inapomaliza kazi husukuma maji yake kwenye mpira mnene wa kijivu. Mpira huyamwaga kwenye tundu la sakafuni, na matundu ya roshani zote hukutana katika bomba moja lililopita nje ya ukuta, kutoka ghorofa ya tano hadi ardhini. Jengo lile ni la zamani, na aliyelijenga hakulivika bomba nguo yoyote. Mji wa Chuncheon unapopata baridi yake ya kweli, bomba huganda kuanzia chini. Maji ya ghorofani hushuka vizuri mpaka yakutane na barafu, hapo yakatafuta pa kutokea, na pa kwanza ni kwa Bi Malsun.

Kwa harufu peke yake alikuwa akijua nani ameasi tangazo. Sabuni laini ya watoto wachanga ilikuwa ya wale wanandoa wa ghorofa ya tano, ambao kichanga chao kilikuwa kikitapika mchana kutwa. Maua makali yalikuwa ya mwalimu wa ghorofa ya tatu. Na ile nyingine, sabuni ya mche ya bei rahisi na chini yake harufu ya tope, chuma na mayai yaliyooza, ilikuwa ya Mama Yeri wa ghorofa ya nne. Hiyo ilikuja kila siku.

Mwanzoni ilikuja harufu tu. Kisha maji ya ghorofa ya nne yakaanza kuja na uvuguvugu usioisha hata yakilala sakafuni usiku kucha. Halafu, asubuhi hiyo ya tangazo, Bi Malsun alipokwisha kumwaga ndoo na kurudi, alimkuta Baba Yeri ameketi juu ya pipa la kimchi, kabichi ya kuchachushwa, miguu ndani ya maji, mikono juu ya magoti.

Baba Yeri, jina lake Pyo Inbok, alikuwa amekufa tangu majira ya majani kuanguka. Alikuwa fundi wa kusafisha mitaro ya chini ya barabara. Bi Malsun alikwenda msibani, akainama mbele ya picha yake, akala supu ya nyama, akarudi na basi.

“Shikamoo, mama,” alisema Baba Yeri.

“Marahaba. Si tulikuaga wewe?”

“Mliniaga, mama. Asante kwa kuja siku ile. Naomba radhi kwa haya maji.”

“Ondoka kwanza juu ya kimchi yangu. Ukilegeza mfuniko itachacha kabla ya wakati.”

Akaondoka, akachuchumaa pembeni. Viwiko vyake vilikuwa bado havijakolea. Ukivitazama unaona vigae vya ukuta nyuma yake. Bi Malsun alimletea chai ya shayiri. Hakuweza kuinywa, lakini alikikumbatia kikombe kwa mikono miwili, akasema hilo linatosha.

Alimweleza jinsi alivyofika. Mke wake alikuwa akilifua koti lake la kazi kila siku, lile walilomvua hospitalini. Kila lilipokamuliwa, kipande chake kilishuka na maji. Angepaswa kupita moja kwa moja hadi mtoni, lakini alipofika chini alikuta barafu, akasubiri, na nyuma yake akaja tena yeye mwenyewe, na tena, mpaka akajikusanya kiasi cha kuweza kukaa.

“Na mlango huu huwezi kuupita, ukakae ndani penye joto?”

Alijaribu. Alipoweka unyayo kwenye sakafu kavu, vidole vilififia. Akaurudisha majini.

“Basi kaa hapo hapo,” alisema Bi Malsun. “Mimi napanda kwa mkeo.”

Magoti yake hayakupenda ngazi. Mara ya mwisho kupanda ghorofa ya nne alikuwa amekwenda kugomba, na alisema maneno ambayo mwalimu wa ghorofa ya tatu alifungua mlango ili ayasikie vizuri. Safari hii alibisha kwa upole. Mama Yeri alifungua akiwa na glavu za mpira. Nyuma yake mashine ilikuwa ikikamua, inatetema na kusogea kidogo kidogo kama mnyama anayetaka kutoka zizini.

“Najua, mama,” alisema kabla hajaulizwa. “Nisamehe. Nafua nguo moja tu.”

“Ndiyo hiyo hiyo.”

“Harufu haitoki. Nimetia siki, nimetia magadi. Nikiiweka kabatini naisikia mpaka kitandani.”

“Inatoka, mwanangu. Inatokea kwangu. Na mwenyewe yuko kwangu.”

Mama Yeri aliitazama mashine mpaka ilipotulia.

“Amevaa nini?” aliuliza.

“Fulana. Miguu mitupu.”

“Kwenye baridi yote hii,” alisema Mama Yeri, akaenda kutafuta soksi.

Alimvika soksi zile mwenyewe, amepiga magoti majini kwenye roshani ya Bi Malsun, na zililowa papo hapo, lakini Baba Yeri alichezesha vidole na kusema ni nzuri. Hawakuzungumza mambo makubwa. Baba Yeri aliuliza kama boila ya kupasha nyumba joto inafanya kazi. Mkewe akasema inalia. Akamwambia aigonge upande wa kushoto. Akamwambia pia kwamba amekonda, na mkewe akamjibu kwamba anayepaswa kuambiwa hivyo ni mtu anayeonekana vigae mgongoni.

“Wanasema ulishuka mwenyewe,” Mama Yeri alisema baadaye. “Kampuni. Wanasema hukuagizwa. Eti ulikuwa mbishi, hukusikia la mtu.”

“Mimi?”

“Wewe.”

Wakatazamana, na Mama Yeri akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Pyo Inbok alikuwa mtu wa kusimama kwenye taa nyekundu saa kumi alfajiri, barabara haina hata paka, mpaka iwe ya kijani. Muuza samaki alipomrudishia chenji pungufu, yeye alisema asante.

Inbok akamweleza. Wingu la mvua lilikuwa likija. Msimamizi wao, Maeng, alitaka shimo lile liishe kabla maji hayajaingia. Kifaa cha kupimia hewa ya sumu kilikuwa kwenye gari jingine, upande wa pili wa mji. Inbok alisema labda wakingoje. Maeng akasema, shuka tu, ni dakika mbili. Akashuka. Kulikuwa na harufu ya mayai yaliyooza, kisha ikaisha, na alifurahi kwamba imeisha, hakujua kwamba gesi ile huua pua kwanza. Hakukumbuka zaidi ya hapo.

“Kwa nini hukukataa?” aliuliza Mama Yeri.

“Alikuwa ameshanifungulia mfuniko.”

Tangu siku hiyo Mama Yeri alifua koti kila asubuhi akiwa na ruhusa ya mwenye roshani, kisha akashuka na kukaa na mumewe, mabuti ya mpira miguuni. Kila siku Baba Yeri alikolea zaidi. Viwiko vilijaa. Sauti ikapata ule mkwaruzo wake wa sigara alizoacha zamani. Ilipofika siku yake ya kuzaliwa mkewe alimletea supu ya mwani ya desturi, yeye akaishika puani mpaka ikapoa, na Bi Malsun akaila isiharibike. Binti yao, aliyekuwa akisoma Busan, alipigiwa simu ikawekwa kwenye sauti kubwa juu ya pipa la kimchi.

“Baba,” alisema Yeri, “mbona kama uko bafuni?”

“Niko kwa Bi Malsun. Maji ya kufulia yamenikwamisha.”

“Mwambie mama asikuache uchukue mafua.” Kisha akasema, “Baba, unifundishe tena ule wimbo wa kuhesabu.”

Alimwimbia. Mlinzi Bong, aliyekuwa akipita nje ya kioo cha roshani na koleo lake la theluji, alivua kofia na kungoja mpaka uishe.

Mama Yeri alikwenda ofisi ya kazi ya mji, kule wanakochunguza vifo vya namna hiyo. Afisa aliyemsikiliza alikuwa mpole na mwenye haraka. Alimwelewa vizuri. Alisema ushahidi wa marehemu mwenyewe ungekuwa wa maana sana, na kwamba marehemu afike dirishani na kitambulisho.

“Hawezi kutoka majini,” alisema Mama Yeri. “Ninyi mnaweza kuja. Ni mwendo wa basi moja.”

“Hatuna utaratibu wa roshani, dada,” alisema afisa, na alionekana kusikitika kwa dhati.

Basi akampigia simu Maeng. Hakutegemea angekuja, lakini alikuja mchana uleule, na kisanduku cha matunda ya peasi, kama mtu anavyokwenda kumwona mgonjwa. Alivua viatu mlangoni kwa Bi Malsun, akakunja suruali, akaingia majini na soksi zake. Alikuwa mtu mnene, mwenye macho ya kukosa usingizi.

“Inbok,” alisema. “Unaonekana vizuri.”

“Karibu, mkuu. Samahani hakuna pa kukaa.”

Maeng alichuchumaa. Matone yalidondoka kutoka kwenye mpira wa mashine ya Bi Malsun.

“Mkuu,” alisema Baba Yeri, “kile kifaa cha kupimia hewa kilikuwa wapi?”

“Kwenye gari jingine.”

“Na nani aliniambia nishuke?”

“Mimi.” Maeng alipangusa uso kwa kiganja. “Ni mimi. Wewe ulisema tungoje.”

“Nilidhani nimesahau vibaya,” alisema Baba Yeri, na mabega yake yakashuka, kwa maana kwa miezi yote hiyo alikuwa akijishuku.

Mama Yeri alisimama mlangoni. “Umeyasema vizuri sana, Baba Maeng. Sasa nenda kayaseme kule.”

“Siwezi, shemeji.”

“Umeweza hapa.”

“Hapa yuko yeye. Kule wako wao. Nikisema, mimi naondoka, na atakayekaa kwenye kiti changu atasema yale yale waliyonifundisha mimi kusema.” Hakuwa akijitetea, alisema kama mtu anayeeleza njia ya kufika sokoni. “Nina wawili wanasoma.”

“Sisi tunaye mmoja,” alisema Mama Yeri.

Maeng alichukua kizoleo cha Bi Malsun, akachota maji mpaka ndoo ikajaa, akaibeba nje na kuimwaga. Aliporudi aliinama mbele ya Inbok mpaka paji la uso likagusa maji. Kisha akavaa viatu bila kujifuta, akaenda zake. Wiki ile alihojiwa na ofisi ya kazi, na alisema marehemu alishuka kwa hiari yake, kinyume cha maagizo. Hakuongeza wala hakupunguza neno. Mambo yakafungwa hivyo.

“Angalau alisema mbele yangu,” alisema Baba Yeri.

“Unaridhika haraka mno,” alisema mkewe. Aligeuka akawapa wote wawili mgongo. Bi Malsun akaenda jikoni, akakata peasi moja, akawarudishia vipande kwenye sahani, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Wakati huo jengo zima lilikuwa limechoka. Nguo chafu zilijaa kwenye mabeseni. Mwalimu alivaa sweta ile ile chafu hata siku ya wazazi, na wanafunzi wakaiona. Wanandoa wa ghorofa ya tano walifulia nepi bafuni, wakizisugua kwa zamu. Mlinzi Bong alikodi mashine ya mvuke, akaiburuta hadi mlangoni kwa Bi Malsun.

“Fungua, mama. Nalipuliza bomba nusu saa, linafunguka.”

“Leo magoti yananiuma.”

“Mvuke hauna haja na magoti yako.”

“Una haja na roshani yangu. Njoo siku nyingine.”

“Mama, watu wananuka.”

“Wanuke. Mimi nimenuka maji yao miaka yote hii, nani aliniletea mashine ya mvuke?”

Bong akaiburuta mashine kurudi kibandani.

Kuvu ilikuwa imepanda ukuta wa roshani hadi kiunoni. Mapipa ya kimchi Bi Malsun alikuwa ameyahamishia chumbani, na chumba kilinukia. Mwanawe anayeishi mji wa Suwon alipiga simu kumwambia nyumba hiyo itamwua, ahamie kwao. Alisema atafikiri. Hakumwambia mtu kwa nini hataki bomba lifunguliwe. Mume wake mwenyewe alikufa hospitalini asubuhi moja yeye aliposhuka kumnunulia maziwa ya soya. Alirudi nayo yangali ya moto, akakuta kitanda kimefunikwa. Aliyanywa kwenye ngazi, kwa vile hakujua pa kuyamwaga. Kwa hiyo Mama Yeri aliposema, “Mama, tunakuharibia nyumba,” alimjibu, “Ni ukuta tu. Kaeni.”

Baridi ilivunjika mchana mmoja, bila kutangazwa. Barafu ya kwenye mapaa ilianza kudondoka. Mama Yeri alikuwa amepiga magoti, akimkata mumewe kucha, ambazo zilianza kukua. Ndani ya ukuta bomba likatoa sauti, kama mtu anayemeza.

“Limefunguka,” alisema Baba Yeri.

Maji yalianza kusogea. Povu lililokuwa limetulia pembeni lilijivuta taratibu kuelekea kwenye tundu, likazunguka. Mama Yeri aliweka kiganja chake juu ya tundu na kulikandamiza. Bi Malsun alileta kifuniko cha sufuria, kisha taulo, kisha akaikalia taulo mwenyewe, na sketi yake ikalowa mpaka kwenye mapaja. Maji yalipita tu. Ndivyo maji yalivyo.

“Mama, utapata homa,” Baba Yeri alimwambia. “Inuka.” Akamgeukia mkewe. “Seonhui, mwinue.”

“Nitafua tena kesho,” alisema Mama Yeri. “Nitafua kila siku.”

“Koti limetakata. Hukuliona? Hakuna tena kitu mle. Niko hapa kamili.”

Kweli alikuwa kamili. Mkewe alimshika mkono juu ya kiwiko, na ulikuwa mkono mzito, wa moto, wenye kovu la misumari ya zamani. Alimshika hivyo huku magoti ya mumewe yakififia, kisha kiuno.

“Usile ukiwa umesimama,” alisema Baba Yeri.

“Sawa.”

“Na sikuwa mbishi.”

“Najua. Hukuwahi kuwa mbishi hata siku moja. Ningependa ungekuwa.”

Alicheka, au alianza kucheka. Tundu likanyonya mara mbili kwa sauti kubwa, na sakafu ikabaki tupu, inang'aa. Soksi zilikuwa zimenasa kwenye kichujio. Bi Malsun aliziokota, akazikamua, akampa Mama Yeri.

Mlinzi Bong alitangaza baada ya chakula. Alikohoa, akasema bomba limefunguka na wakazi wanaweza kufua. Mashine zote ziliwaka kwa pamoja. Maji yalishuka ukutani kwa kishindo mpaka jioni, na wanawake wawili wakakaa kwenye sakafu ya Bi Malsun iliyopashwa joto kwa chini, wameegemeana, wakiyasikiliza yanavyopita.

Majira ya maua, kampuni ile ile ilipata kazi ya kusafisha mtaro wa barabara iliyo mbele ya jengo. Walikuja na gari moja. Maeng alikuwepo, amesimama na mikono nyuma. Bi Malsun na Mama Yeri walikuwa wakitoka sokoni na vitunguu vya majani walipoona mfuniko umefunguliwa na kofia ya njano inazama ardhini.

“Mmepima hewa?” aliuliza Mama Yeri.

Maeng alimtambua. Akatazama pembeni. “Kifaa kiko kwa fundi,” alisema. “Ni dakika mbili tu, shemeji.”

Mama Yeri hakugomba naye. Aliweka vitunguu chini, akapiga magoti kwenye lami, akaingiza kichwa shimoni.

“Wewe uliye chini! Unaitwa nani?”

“Gil Dongu, mama,” sauti ilijibu kutoka gizani. “Kuna nini?”

“Hakuna kitu. Wewe nijibu tu. Umetoka wapi, Dongu?”

“Yanggu, mama.”

“Mama yako yuko hai?”

“Yupo.”

“Anapika nini kizuri?”

Bi Malsun aliomba viti viwili vya plastiki kwa muuza mboga, akavileta, wakakaa ukingoni. Magari yaliwapitia kwa kuwapigia honi. Kijana alisema mama yake anapika viazi vya kuponda, na Mama Yeri akataka kujua anavitia nini, na kama anavimenya kwanza au anavichemsha na maganda. Kila sauti ilipopanda, Bi Malsun aliitikia kwa kichwa. Kila ilipochelewa, aligonga chuma cha mfuniko kwa ncha ya mwavuli wake.

“Dongu!”

“Naam, mama.”

“Usinyamaze. Endelea. Ukishavichemsha?”